Picha za Godoro la Mama

Mama yangu alikuja Nyeri mwezi wa Novemba kunitazama katika uzazi wa binti yetu wa kwanza. Nia yake ilikuwa kukaa siku arubaini, kama ilivyo ada kwetu, kisha arejee nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa. Lakini sukari yake ilipanda, daktari wa huku akataka kumwona kila mwezi, nasi hatukuwa na moyo wa kumwachia safari ile ndefu ya kupitia Nairobi hali miguu imemvimba. Akakaa. Na mgeni akikaa, hana budi kupatiwa pa kulala panapostahili.

Kitanda tulikipata kwa seremala wa Karatina, mbao za saiprasi, mifumbati minene na chaga zilizopangwa karibu karibu. Godoro tulilinunua katika duka moja la hapa mjini. Mwenye duka, mzee mpole wa maneno, alilipiga kwa kiganja mara mbili tatu kama mtu apigaye shavu la farasi, akasema, "Hii ni ya mgongo, mama. Hata daktari anaambia watu walalie hii." Tulilipa shilingi 16,500. Akatupa risiti na kadi ya dhamana ya miaka 5, na Mama, ambaye hatupi karatasi yoyote yenye muhuri, akazitia zote mbili ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vyake vya hospitali.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba kwetu pwani godoro halikuwa kitu cha dhamana. Lilikuwa la sufi, na sufi ilitoka katika msufi ambao pengine mtu aliujua ulipokuwa umesimama. Likishindiliwa likawa gumu, lilipandishwa darini juani, na baada ya miaka kadhaa likafumuliwa, sufi ikachambuliwa, ikaongezwa, likashonwa upya. Kitanda cha kamba nacho kilikuwa na dawa yake ndani ya jina lake: teremka-tukaze. Kikilegea, aliyelala huteremka, kamba zikavutwa, akarudi kulala. Hakuna aliyeandika barua kwa mtu yeyote.

Sponji haina huruma hiyo. Ubora wake hupimwa kwa uzito, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo, na sponji nyepesi huanza maisha yake ikiwa nzuri sawasawa na nzito. Mkono wa mnunuzi dukani hauwezi kuzitofautisha kwa yakini. Tofauti huja baadaye, pale nyonga zinapolalia kila usiku, ambapo vijumba vidogo vya hewa ndani ya sponji nyepesi huvunjika na visirudi tena. Huwezi kuifumua wala kuikaza. Na katika Nyeri, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, huwezi hata kuianika kwa sehemu kubwa ya majira ya baridi ambayo wenyeji huyaita gathano. Mwezi wa Julai jua hapa ni habari ya kusimuliwa. Mlima wenyewe, wenye urefu wa mita 5,199, hupotea wiki nzima nyuma ya mawingu, mtu akasahau kwamba upo.

Ilikuwa katika Julai hiyo, mwezi wa nane tangu tulinunue, ndipo nilipomwona Mama akisali Alfajiri juu ya kiti. Nilidhani ni baridi. Akasema si baridi, ni mgongo; kwamba kila akiamka hujikuta ndani ya bonde na humchukua muda kupanda kutoka humo. Nilipoondoa shuka nikaliona bonde lenyewe, katikati ya godoro, kama mahali mashua ilipokaa juu ya mchanga maji yakapwa. Nilikasirika. Yeye hakukasirika. "Mtume wetu alilalia ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende," aliniambia, "na mkeka ukamwachia alama ubavuni hata Sayyidna Umar akalia. Mimi nilie kwa sponji?" Nikamjibu kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, hakuuziwa mkeka ule kwa ahadi ya miaka mitano.

Nilikwenda dukani siku hiyo hiyo. Mzee alinisikiliza, akasema jambo hilo haliko mikononi mwake; mwenye dhamana ni kampuni iliyotengeneza, na kampuni hutaka picha. Akanipa nambari ya simu ya kuzituma.

Nilirudi nyumbani nikaisoma ile kadi neno kwa neno, pengine mtu wa kwanza duniani kuisoma. Kampuni ingebadilisha godoro iwapo bonde limezidi kina cha inchi moja na nusu bila mtu kulilalia. Iwapo risiti ipo. Iwapo kile kitambulisho kilichoshonewa pembeni hakijakatwa. Iwapo godoro lililazwa juu ya kitanda imara chenye chaga zisizoachana mno. Na mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote: dhamana hubatilika godoro likiwa na doa.

Godoro la Mama lilikuwa na doa.

Nitalieleza doa hilo mara moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, kisha tusilirudie zaidi ya inavyobidi. Mwenye maradhi ya sukari huenda haja ndogo mara nyingi usiku, na choo chetu kiko mwisho wa ukumbi. Usiku mmoja wa Juni, umeme umekatika na baridi imekaza, hakukiwahi. Aliamka kabla yetu, akafua shuka kwa maji baridi peke yake, akaligeuza godoro upande wa kichwa uje miguuni, na asiseme neno. Mimi nililiona doa siku chache baadaye, nami sikusema neno. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumeafikiana bila kuafikiana.

Sasa kampuni ilitaka picha.

Baba Nasra, ambaye ni mtu mwema na mwenye haraka ya kumaliza mambo, alitoa njia mbili. Ya kwanza ni kupiga picha za bonde tu, kutoka upande wa mchago, ili lile doa lililokuwa karibu na miguu lisiingie. Ya pili, ikiwa wataulizia, ni kusema kwamba ni la mtoto. Nasra ana miezi minane, watoto hukojoa, nani atalaumu? Nakiri kwamba njia ya kwanza ilinipendeza. Sikuiona kuwa ni uongo. Niliiona kuwa ni sitara. Je, hatukuamrishwa kusitiriana? Picha ya kitanda cha mtu si jambo dogo. Chumba cha mama yako, mahali anapolala na kuugua na kumwomba Mola wake, kinakwenda kuingia katika simu ya kijana usiyemjua, aliyekaa katika ofisi usiyoijua, ambaye labda atamwonyesha mwenzake wacheke.

Lakini kila nilipojipa moyo, kisa kimoja kilinikatiza. Mnakijua: Mtume alipita sokoni kwa mwuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta majimaji. Mwuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kisa hicho tumezoea kuwasomea wauzaji. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akikisoma kwa mnunuzi mwenye simu mkononi, anayechagua pembe ya kusimama ili upande uliolowa ubaki nje ya picha.

Nikaenda Majengo kumwuliza maalimu mmoja anayesomesha pale, mtu ambaye wazee wake walifika mji huu zamani na Kiswahili chao. Sikumtajia Mama, nilisema tu godoro lina ila mbili, moja ya mwuzaji na moja yangu. Alinieleza jambo ambalo huwa tunalisikia kwa haraka katika darsa na kulisahau. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi aliyegundua ila iliyokuwamo ndani ya bidhaa ana hiari ya kuirudisha, lakini hana budi kufanya hivyo mara tu anapoijua. Imamu Nawawi ameliweka hilo wazi katika Minhaj. Akichelewa bila udhuru, au akiendelea kuitumia kana kwamba ameridhika, hiari humtoka. Na ikiwa bidhaa imepata ila nyingine mpya ikiwa mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha mwuzaji aipokee, kwa kuwa hairudi kama ilivyotoka. Haki yake haifi hapo, hata hivyo. Mwuzaji akikubali kuipokea na ila zake, vyema. Asipokubali, mnunuzi hulipwa fidia ya upungufu uliokuwamo tangu mwanzo. Wanazuoni huiita arshi.

"Ama hiyo miaka mitano," akaongeza, "ni sharti walilojifunga wenyewe, na Waislamu na wasio Waislamu wote hufungwa na masharti yao. Lakini ukhti, dai lako lieleze lote. Hakimu hawezi kupima ila moja akiwa hajui ya pili."

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Nayataja kwa ajili ya wasomaji ambao huenda wana friji au cherehani inayowasumbua. Sisi hatukufika huko. Na kote huko, swali la kwanza lingekuwa lile lile: ushahidi uko wapi?

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimeazimia kumshauri Mama tuache. Nilimkuta amekaa kitandani, Nasra mapajani. Kuta za nyumba hizi ni nyembamba. Alikuwa ameyasikia yote aliyoyasema Baba Nasra usiku uliotangulia.

"Ndoo hapa, mwanangu," akasema. "Hiyo picha utaipiga lini?"

Nikamwambia hakuna haja.

"Haja ipo. Elfu kumi na sita hazikuokotwa. Piga picha, na doa ulipige. Doa ni langu, si lako wewe ulionee haya." Kisha akamtazama mtoto. "Lakini usinsingizie huyu. Huyu hana ulimi wa kujitetea."

Asubuhi yake tukaianza kazi, na sikujua kwamba ni kazi. Picha ya kwanza niliipiga nikiwa nimesimama, simu juu, taa yake ikiwaka. Godoro lilitokea bapa kama meza. Taa ya simu hulimulika bonde hadi kitako chake, kivuli kikafa, na kina cha shimo hakionekani ila kwa kivuli chake. Tukazima taa, tukafungua pazia, tukausubiri mwanga wa dirishani uingie kwa ubavu. Nikapiga magoti hadi jicho la simu likawa sawa na uso wa godoro. Hapo bonde likajitokeza, lina ukingo na lina giza lake.

Kisha kipimo. Nilifunga uzi kutoka mfumbati hadi mfumbati nikashusha rula hadi chini: inchi moja na robo. Nilikata tamaa. Mama, aliyeshona nguo za watu miaka thelathini, alicheka. "Uzi umelegea. Uzi uliolegea humpendelea mwenye duka." Kweli, katikati ulikuwa umezama pamoja na godoro. Tukaazima ubao mnyoofu wa fundi mwashi anayejenga jirani, ule wa kusawazishia plasta, tukaulaza juu kutoka ukingo hadi ukingo. Rula ikasoma inchi mbili kasorobo. Mimi, kwa ile furaha, nikaisukuma kidogo ili ifike mbili kamili, sponji ikakubali bila kinyongo. Mama akanishika mkono. Akaichukua rula mwenyewe, akaishika kwa vidole viwili, ncha yake ikigusa kitambaa pasipo kukibonyeza, akasema, "Sasa piga." Inchi mbili kasorobo ilitosha kwa dhamana, inchi mbili ingekuwa robo inchi ya dhulma.

Picha zilikuwa 11 kwa jumla. Godoro zima bila shuka, kutoka pande zake nne. Kitambulisho kilichoshonwa, kwa karibu hata nambari zisomeke. Risiti na kadi, zimelazwa juu ya godoro lenyewe ili isisemwe kuwa ni za godoro jingine. Chaga za kitanda baada ya kuliinua godoro, na utepe wa kupimia ukionyesha nafasi baina yake. Chini ya godoro tulikuta kuvu imeanza kama vumbi la kijivu, pale joto la mtu linapokutana na baridi ya usiku. Tukaipiga picha hiyo nayo. Kisha ubao na rula. Kisha doa.

Kwa atakayefuata njia hii: msizikate picha wala kuzipamba, na zile za asili zibaki katika simu, kwani ndani yake simu huandika siku na saa zilipopigwa. Zikitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na habari hizo huondolewa. Zikitumwa kama faili hufika kama zilivyo. Haya nilifunzwa na mpwa wangu kwa simu kutoka Malindi, naye akanitaka niyaandike. Chini ya kila picha niliandika sentensi moja. Chini ya ile ya doa niliandika: Hili limetokea nyumbani kwetu mwezi wa Juni, haliko mahali palipobonyea. Kisha tukalitoa godoro chumbani, Mama akalalia letu, nami na mume wangu tukalala juu ya mikeka na mablanketi, maana kuendelea kulitumia huku tukilidai hakukutulia moyoni mwangu baada ya maneno ya maalimu.

Siku kumi na mbili zilipita. Jibu lilikuwa la mistari mitatu: godoro lina doa, kwa sababu za usafi haliwezi kupokelewa, asante. Niliandika tena kwamba sihitaji walipokee. Nahitaji wapime ila yao, kwa kuwa yangu nimeshawaonyesha. Hawakujibu.

Agosti ilipokuwa ikiisha nikaichukua simu hadi dukani. Sikwenda kugombana; nadhani nilikuwa nimechoka. Yule mzee alivaa miwani, akazitazama picha moja moja, polepole, kama mtu asomaye barua ya shambani kwao. Alipofika ya mwisho akatulia.

"Hii ni nani alipiga?"

"Mimi, mzee."

"Watu hukata hapa," akasema, akionyesha kwa kidole. "Wote hukata. Halafu gari linakuja kuchukua godoro, linaona, linarudi, na mimi ndio natukanwa." Akampigia mtu simu, wakasema kwa Kikuyu kwa muda mrefu, sauti yake ikipanda na kushuka. Niliyafahamu maneno mawili tu, godoro na mama. Alipokata akaniambia kwamba tutapewa jipya, zito zaidi, kwa nusu ya bei ile ya kwanza, na la zamani tubaki nalo. Shilingi 8,250. Sijui kama aliyekubali ni kampuni au ni yeye kutoka mfukoni mwake, na alivyoharakisha kuandika risiti ilionekana hakutaka niulize.

La zamani tulilikata. Pande zake zilizo nzima tulizifua na kuzivisha vitambaa, zikawa mito ya kukalia barazani. Lile jipya Mama alililalia majuma matatu. Sukari ikatulia, daktari akamruhusu, akarudi Mombasa mwisho wa Septemba kwenye godoro lake la sufi, ambalo anasema ni gumu kama sakafu na halijawahi kumdanganya.

Juzi alinipigia simu.

"Zile picha bado unazo?"

Nikamwambia ninazo, endapo kampuni itauliza.

"Hawataulizia. Zifute, mwanangu. Zilikuwa na kazi, na kazi imekwisha."

Nilizifuta usiku ule, moja baada ya moja, ya doa kwanza. Nimeibakisha ile ya rula, ambayo ndani yake hauonekani uso wala kitanda, ila ubao wa fundi, kivuli, na vidole viwili vyenye hina iliyofifia kwenye kucha, vimeishika rula isizame. Sijamwambia.